Aliyekula kwa Niaba ya Mkunga

Sahani ya Mkunga ilianza kurudi jikoni ikiwa safi, na nyumba nzima ya wazee ikafurahi. Muuguzi wa mchana aliinyanyua juu kama kombe. "Mnaona? Bibi yetu kala mpaka mchuzi!"

Kamanda, jirani yake wa kitanda, hakufurahi. Jina hilo wahudumu walimpa kwa sababu ya mdomo wake. Kabla ya kuletwa hapa alikuwa fundi cherehani, na jicho lake bado lilipima watu bila kuombwa. Aliona kola ya gauni la Mkunga ikizidi kupwaya shingoni. Mtu anamaliza chakula halafu anakonda? Hilo halikumwingia akilini.

Mkunga alikuwa amepokea kwa mikono yake nusu ya watoto wa mji, lakini tangu simu za binti yake zikome, aligeukia ukutani na kugoma kuinuka. Wahudumu walikuwa wachache, wazee wengi. Aliyeweza kutembea alikula ukumbini. Asiyeweza aliwekewa sinia kitandani, akavutiwa pazia apate utulivu, kisha akaachwa. Mwanamke aliyelala hapo kabla yake naye alisifiwa kwa kumaliza sahani. Walimtoa amefunikwa shuka.

Kamanda mwenyewe alikatazwa kusimama peke yake tangu avunjike nyonga bafuni, kwa hiyo alibaki kusikiliza. Mchana kweupe, nyuma ya pazia, mtu alikuwa anatafuna. Alitafuna kwa meno mazima, akivunja mifupa ya kuku na kufyonza uboho, na Mkunga alikuwa kibogoyo. Ikaja na harufu ya tope la kisima kilichofunikwa.

"Mwenzangu," Kamanda alinong'ona pazia lilipofunguliwa, "nani anakula chakula chako?"

Mkunga alijibu akiwa bado ametazama ukuta. "Ananisaidia. Anasema nimechoka, nilale tu, atakula kwa niaba yangu."

"Nani huyo?"

"Sema polepole. Anasikia."

Kamanda alimweleza muuguzi. Muuguzi akamgusa paji la uso. "Bibi, una homa? Sahani si hii hapa, tupu?"

"Sahani mnaitazama, mtu hamumtazami!"

Jioni hiyo walimnyima chai, wakidhani ndiyo inayomvuruga akili.

Kesho yake, sinia lilipowekwa na pazia kuvutwa, kutafuna kukaanza tena. Kamanda aliogopa, tena aliogopa vibaya. Hata hivyo akashusha miguu sakafuni, akashika ukingo wa kitanda, akauachia, akashika kiti, nyonga ikimchoma na harufu ya tope ikimjaa kooni, na kila alipovuta mguu kule kutafuna kulisita kidogo kama mtu anayetega sikio, kisha kukaendelea kwa pupa zaidi, mpaka akalifikia pazia, akalikamata kwa mikono miwili na kulivuta.

Aliyeketi ukingoni mwa kitanda alikuwa Mkunga. Alikuwa Mkunga aliyenona, mashavu yamejaa, midomo inang'aa mafuta, meno yote yapo. Mkunga wa kweli alilala kando yake, mwembamba chini ya shuka, akitazama dari.

"Mwache apumzike," jini lile lililovaa sura yake likasema kwa sauti tamu ya Mkunga. "Hana anayemngoja."

"Namngoja mimi."

"Wewe? Wewe ni zamu ijayo."

 Kamanda alijitupa kitandani, katikati yao wawili, akapokonya sahani. Vidole vya jini vilikuwa baridi, na vilivuta kwa nguvu. Naye akavuta.

"Mwenzangu, fumbua mdomo."

"Niache," Mkunga akanong'ona. "Tutakufa tu."

"Tutakufa, nani kabisha? Lakini huyu asile hata punje yako." Aliinua kijiko, machozi yakimtoka bila haya. "Na mimi sitaki kubaki peke yangu humu. Ndiyo, ni ubinafsi. Kula, basi, kwa ubinafsi wangu!"

Mkunga aliondoa macho darini, akamgeukia. Kisha akafumbua mdomo. Alipomeza tonge la kwanza, shavu moja la jini lilibonyea. Alipomeza la pili, likapiga ukelele uliotikisa madirisha, likatoweka, na muuguzi akaja mbio na kukuta vikongwe wawili kitanda kimoja, mchuzi mpaka kwenye mito.

"Bibi! Nani kakuruhusu kusimama?"

"Nimejiruhusu," alisema Kamanda. "Na kuanzia kesho huyu anakula ukumbini. Lete kiti cha magurudumu, la sivyo nitambeba mgongoni, mtuokote wote wawili."

Muuguzi aliwaangalia, akauangalia mkono wa Mkunga kana kwamba ndiyo kwanza anauona ulivyobaki mfupa, akaenda kuulizia kiti.

Siku iliyofuata Mkunga na Kamanda, waliosukumwa kwa viti vya magurudumu mpaka ukumbini, waliketi mezani kati ya wazee wengine waliokuwa wakibishana kuhusu chumvi. Supu ilipofika, kiti kitupu kilicho mbele ya Mkunga kilijivuta taratibu, na tope likanuka. Kamanda akakaza mkono kwenye meza. Mkunga alikuwa ameshaliona lile jini. Alizungushia sahani yake mkono mzima, akajaza kijiko, akakitia mdomoni, na huku akilikodolea jini macho akatafuna kwa fizi zake, polepole, mpaka akamaliza.