Goti la Winga wa Tanga

Sughra alisikia harufu ya mafuta ya haradali akiwa bado mlangoni. Akajua mumewe ameanza tena. Kweli, Mahmood alikuwa sebuleni, akichua goti la binti yao kwa mafuta ya moto. Inara, msichana wa miaka kumi na minne, aliuma mto asipige kelele. Goti lilikuwa limevimba kama andazi.

"Acha!" Sughra alifoka. "Humwoni mtoto anavyoumia?"

"Jumapili ni fainali, Mama Inara. Tanga na Mombasa!"

Kila mwaka msikiti wao hapa Toronto huandaa mashindano ya mpira ya wasichana. Timu huitwa kwa miji walikotoka wazee. Wasichana wenyewe Tanga hawajaikanyaga, lakini baba zao hununiana mwaka mzima. Inara ndiye winga wa kulia, na Tanga nzima ilimtegemea yeye.

"Garrincha wa Brazili alikuwa na miguu iliyopinda," Mahmood alisema. "Na bado alichukua Kombe la Dunia mara mbili! Huyu atameza vidonge, tutafunga bandeji aliyoleta kocha, basi."

Hasira zilimpanda Sughra hadi masikio yakawaka. "Huyo Garrincha wako ndiye aliyembeba mtoto huyu tumboni?"

Hakungoja jibu. Alienda kugonga mlango wa jirani, Anti Carmelina, Mgoa wa Nairobi. Mama huyo alitibu viungo hospitalini hadi alipostaafu.

Carmelina aliligusa goti polepole. "Huwa linakwama?"

"Juzi nilishindwa kulinyoosha," Inara alijibu kwa Kiingereza.

"Mbona hukuniambia?" Sughra aliuliza.

"Baba alisema mawinga hawalii."

"Mawinga hawalii! Haya, Mahmood, umesikia ulichomfundisha mwanao?"

Mahmood alifunika chupa ya mafuta. Carmelina hakumwonea haya.

"Hadithi ya Garrincha unaijua nusu," alisema. "Magoti yake yaliharibika. Akachomwa sindano ili acheze. Maumivu yalitulia, lakini goti halikupona. Alipopita miaka thelathini, hakuwa tena yule wa zamani. Pombe ikammaliza, akafa na miaka arobaini na tisa. Maumivu ni kengele, Mahmood. Ukiizima kwa kidonge, moto unaendelea kuwaka."

"Sasa tufanye nini?"

"Goti lililovimba hivi halichuliwi, wala halipakwi cha moto. Apumzike, mguu uwe juu ya mto. Weka barafu ndani ya kitambaa, dakika kumi au kumi na tano, kisha utoe. Na goti linalokwama lionwe na daktari. Kesho, si baada ya fainali."

"Na Tanga?"

"Tanga ipo tu!" Sughra alidakia. "Ilikuwepo kabla ya goti hili."

Daktari alikuta gegedu, ule mfupa laini ndani ya goti, limechanika kidogo. Kama Inara angecheza, alisema, lingeweza kuchanika zaidi, hata kuhitaji upasuaji. Alimwandikia mapumziko na mazoezi.

Jumapili Mombasa iliifunga Tanga mabao manne. Murad, kocha wa Tanga, aliwajia juu wazazi wa Inara. "Mnamdekeza mtoto!"

"Nilikuwa karibu kumlemaza," Mahmood alijibu. "Na bandeji ulileta wewe. Mtoto wangu si kombe lako."

Sughra alisikia, lakini hakumsamehe mumewe siku ile. Alimpakulia chakula bila kumsemesha.

Inara alifanya mazoezi aliyoelekezwa, hata siku za theluji. Kiangazi kilichofuata, daktari alimruhusu kucheza. Walikutana tena na Mombasa, wakawa sare, bao moja kwa moja. Inara aliwapiga chenga mabeki wawili, watu wakasimama. Ghafla alisimama, akainua mkono.

"Linauma," alisema. "Nitoeni."

Murad alifungua kinywa. Sughra alimkazia macho, naye akakifunga.

Mahmood ndiye aliyeanza kupiga makofi.