Ulimi wa Filamu

Mbele ya jengo la Archives, mahali ambapo nusu ya Nairobi husimama kungoja nusu nyingine, Lornah alimkanyaga mtu. Alikuwa amevaa sketi ya buluu ya kazini na viatu virefu vya kuazima kwa binamu yake Veronicah, na kisigino kilitua juu ya kidole cha kijana mmoja mwenye kamera nzito ya chuma kifuani.

"Aki pole! Nimekuumiza?"

"Usijali, ninavyo vingine tisa," alisema kijana huku akikunja uso kwa maumivu.

Lornah akaangua kicheko. Kamera ikalia, ka! Lornah akasogea atazame mgongo wa kamera.

"Hebu nione."

"Nyuma hakuna kitu, mrembo. Ni kifuniko tu. Utaona Ijumaa."

"Ijumaa! Siku hizi hata simu zinapiga picha, na wewe bado uko na kamera ya babu?"

"Zile ukichukia picha unafuta. Filamu haifuti. Kilichoingia kimeingia."

"Na kama nimefumba macho?"

"Basi tutakuwa na macho yako yaliyofumbwa. Naitwa Muchiri."

Ijumaa alirudi. Macho hayakuwa yamefumbwa. Alitazama ile picha muda mrefu, kwa sababu hakujua kwamba akicheka anafanana na mama yake.

Mvua za masika zilipokatika walikuwa wapenzi. Muchiri alipanga chumba Riruta, na bafu lake dogo alilizuia mwanga kwa blanketi ili aoshe filamu zake humo. Hakukosa wateja. Watu wa Loresho, wenye kamera mpya kabatini, walimwita awapige kwa ile ya zamani. Walisema ngozi ya mtu kwenye filamu ina pumzi.

Kisha Mama Annah, mama yake Lornah, akaja kutoka Butere kuonwa na daktari. Maisha yake yote alikuwa akiikimbia kamera. Lakini Muchiri hakumwambia acheke wala akae sawa. Aliketi naye uani kwa Lornah, kule Uthiru, akachambua naye mboga za murenda, akipiga picha moja moja kati ya maneno, hadi filamu nzima ikaisha.

"Wewe kijana, hiyo kitu yako haishibi?" Mama aliuliza, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande.

Jumapili iliyofuata, Mama akiwa amekwisha rudi Butere, Lornah alimtembelea Muchiri. Muchiri alipotoka kununua maziwa, akamsafishia chumba kwa mapenzi tele, akanyoosha kila kilichokunjamana, toka shuka hadi ncha za filamu zilizokuwa mezani. Filamu ya Mama ilikuwa hapo, haijaoshwa bado. Muchiri alikuwa na desturi ya kungoja zifike kadhaa ndipo achanganye dawa.

Siku kadhaa baadaye, kabla hajachanganya, simu ikalia.

"Sema, mrembo."

"Muchiri... Mama ametuacha."

Alimwacha alie.

"Picha tuliyo nayo ni ya kitambulisho," Lornah alisema mwishowe, "na hata haifanani naye. Nataka watu wamwone alivyokuwa. Osha ile filamu, tafadhali. Tunasafiri Alhamisi kwenda kumzika."

Jumanne Muchiri alifika Uthiru na bahasha. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa maombi. Alimvuta Lornah kando ya jiko, lakini Lornah hakungoja. Akaichana bahasha pale pale.

Mama alikuwemo. Lakini kwenye paji lake la uso ulipita mkono wa mwanamke ulioshika glasi, na kwenye shavu lake yakacheka meno ya mtu mwingine. Picha zote zilikuwa hivyo.

"Huyu ni nani?"

"Jackie, mteja wangu wa Loresho. Nilimpiga siku ya posa yake. Filamu ya Mama iliingia kwenye kamera mara ya pili."

"Iliingia? Ina miguu?"

"Niliiweka mimi," Muchiri akasema.

"Mama yangu umemfanya ukuta wa kupigia wanawake picha!" Maombi yakanyamaza. "Hana picha nyingine, Muchiri! Hana!"

"Niachie huo mkanda wa negativu nijaribu..."

"Toka! Na usinipigie simu."

Alitoka. Veronicah alimsindikiza kwa macho, akanong'ona, "Lornah, yule mtu alikuwa anatetemeka."

"Atetemeke."

Jumatano Lornah alizunguka studio za mjini na ule mkanda wa filamu ndani ya bahasha, mlango kwa mlango. Wote walitikisa kichwa. Wa mwisho, mzee wa Moi Avenue, aliuinua dirishani.

"Dada, hii ni chai iliyokwisha tiwa maziwa. Siwezi kuyatoa." Kisha akapapasa mwanzo wa mkanda. "Ila fundi wako ni mwangalifu. Alikuwa amekunja ulimi."

"Ulimi gani?"

"Hii ncha inayobaki nje. Wanaoosha wenyewe huikunja, wajue filamu imetumika. Halafu kuna mtu akainyoosha. Ona mstari."

Lornah aliona mstari. Pembeni yake aliona pia alama ya joto iliyopinda kama kitako cha kikombe. Akakumbuka meza ya Riruta, kikombe cha chai ya moto, na jinsi alivyozipiga pasi ncha zile moja moja kwa kitako chake huku akiimba.

Alitoka nje, akampigia Muchiri. Simu ilipokelewa kabla haijalia mara mbili.

"Ni mimi niliyeunyoosha ulimi."

"Najua, Lornah."

"Ulijua?"

"Nilijua nilipouona ule mstari."

"Na ukaniacha nikutukane mbele ya watu?"

"Ulikuwa umefiwa, Lornah. Nikuongezee na hilo?"

Alilia katikati ya barabara, watu wakimpita. "Nakuja na mkanda. Na kama haiwezekani, usiniambie leo."

Bafuni, chini ya taa nyekundu, Muchiri alikagua mkanda picha baada ya picha, hadi akasimama kwenye moja.

"Hapa Jackie alisimama kando ya ua wa miti ya misipresi. Palikuwa na giza. Penye giza filamu haikupokea kitu cha pili."

"Kwa hiyo hapo kuna nini?"

"Kilichoingia kwanza."

Alikinga mwanga kwa viganja, akauruhusu upite padogo tu. Karatasi ikazama kwenye dawa, nyeupe. Lornah alimshika shati. Nyeupe bado. Kisha kitambaa kilichokwenda upande, kisha jicho, kisha mdomo uliokuwa ukiuliza kama hiyo kitu haishibi.

"Mama," Lornah alisema, kama aliyefunguliwa mlango.

Begani kilibaki kidole kimoja cha Jackie. Muchiri alitaka kukificha, arudie.

"Kiache. Ni kama kuna mtu amemshika."

Alhamisi, kwenye basi, Lornah alimpa Muchiri fremu iliyofungwa kwa leso.

"Picha ya marehemu hubebwa na mtu wa nyumbani," Muchiri alisema, akirudi nyuma. "Mpe Veronicah. Watu wa Butere watauliza mimi ni nani."

Lornah akasogea dirishani, akamwachia kiti.

"Ibebe, acha waulize. Nitawajibu mimi."