Tumbo Yangu Ilikatala Mbuzi ya Apollinaire

"Shuka, Mama Shekinah. Hii moto haitatubeba."

Bwana yangu Apollinaire njo alinambia vile, masasi ya bunduki inalia nyuma ya mashamba ya kakao.

Nilizania anacheka na mimi. Nikabakia nimekamata kiti ya ile moto, pikipiki yake.

"Nishuke niende wapi?"

"Uko muzito sana. Tutakufa wote. Jifiche mu kakao."

Nikashuka... Kumbe Léa, mupangaji wetu, alikuwa anangoja ku mulango, sakoshi ya nguo mukononi. Akapanda nafasi yangu. Akamukamata Apollinaire mu kiuno vile mwanamuke anakamataka mutu anamuzoea.

Moto ikaenda. Bandeko, ndugu zangu, niliachwa!

Ilikuwa asubuhi, pale Mabalako, mwaka ya 2021. Binti yetu Shekinah, Mungu asifiwe, alikuwa anasoma Butembo kwa baba yangu.

Nilijaribu kukimbia, magoti ikakatala. Nikaanguka mu majani ya kakao, nikalala pale. Waasi walipita karibu mpaka nilisikia vile wanaongea. Sikupumua.

Mais lakini munisikilize vizuri. Kwetu mama munene ni heshima. Batu wanasema bwana yake anamulisha. Apollinaire mwenyewe alikuwa ananitembeza ku misa ya siku ya Mungu, anajivuna. Siku ya masasi, ile heshima ikageuka muzigo.

Masasi ilipotulia, nilifika Butembo na kitu moja mu roho. Nitakonda. Atarudi kuniomba. Na mimi nitamukatala mbele ya batu wake wote.

Kaka yangu Ananie anaendaka Kampala kuleta bitu ya kuuza mu magazini yake. Akanipeleka kule kwa docteur moja wa kwetu, docteur Malachie.

"Sukari yako iko juu, magoti imechoka," docteur akasema. "Operesheni inafaa. Mais kuko tatu, na hazifanane."

"Nielezee yote, docteur."

"Ya kwanza ni anneau. Tunafunga mukaba kidogo ku tumbo. Hatukate kitu, na tunaweza kuitoa tena. Mais utarudi ku hôpital mara na mara, tukaze ao tulegeze."

"Na barabara ikifungwa juu ya vita?"

Akaandika hiyo ku karatasi, akaendelea.

"Ya pili ni bypass. Tumbo inabakia kadogo sana, tunaiunganisha mbele ku matumbo, chakula inaruka njia. Kwa sukari yako, hii njo inapita zote. Mais utakula vitamine kila siku mpaka kufa. Ukiacha, damu na mifupa inaharibika."

"Docteur, mu pori nitatoa vitamine wapi?"

"Ya tatu ni la sleeve. Tunakata sehemu kubwa ya tumbo, tunaitupa. Inabakia nyembamba sawa ndizi. Hairudi tena. Kiungulia inaweza kukusumbua. Vitamine iko pia, mais ukikosa kidogo, hatari hailingane na ya bypass."

"Nipe hiyo. Mutu wa kwetu anachagua operesheni ya kukimbia nayo."

"Mama, usichague na hasira."

"Hasira njo ilinileta, docteur."

Walinikata. Nikaanza na maji, kisha supu, kisha bouillie, uji laini. Pagne, kitenge yangu, ikaanza kuanguka. Ananie akatuma foto yangu mu WhatsApp ya familia.

Foto ikafika kwa Apollinaire. Léa alikuwa amekwisha kumuacha... Bwana akatuma neno: anakuja na mbuzi ya pardon, ya kuomba musamaha.

Hapa njo niliona mutego. Mu familia zetu, bwana akikosea, batu wake wanaleta mbuzi kwa baba ya bibi. Wao njo wanachinja na kupika. Mama-mukwe anakuwekea kipande ya kwanza mukononi. Ukikula, umesamehe, unarudi kwake siku ileile. Ukikatala, umetukana ukoo, baba yako anarudisha mahari.

Na mbuzi za mahari yangu njo zilimuolea Ananie bibi! Nikikatala, nyumba ya kaka yangu inabomoka.

Mbele ya ile siku, mama-mukwe wangu, mama Tamar, akanipigia.

"Docteur alikukataza kula nini?"

"Nyama ngumu, mama. Tumbo haijapona. Inairudisha."

"Bon." Akakata simu.

Nikafikiri atanipikia yenye kulainika, nirudi kwa mutoto wake. Nilikasirika na yeye pia.

Siku ikafika, pale Butembo kwa baba yangu. Apollinaire na costume, suti mupya, marashi mpaka ku barabara.

"Mama Shekinah, umekuwa kasichana."

"Karibu, Baba Shekinah."

Mama Tamar akaniwekea kipande mukononi. Kubwa, ya shingo, ngumu mpaka vidole viliisikia. Akanitazama mu macho.

Nikatafuna. Nikameza.

"Amekula!" upande wa bwana wakapiga makofi.

Apollinaire akanikaribia na mikono wazi. Na mimi nikasikia ile nyama inapanda...

Yote ilienda ku biatu yake na suruali. Sitawadanganya: nafasi ya kugeuza kichwa ilikuwa. Sikugeuza.

Baba mukubwa Lusenge wa upande wetu, mwenye kuongoza mazungumuzo, akakohoa.

"Munasema amekula?"

"Amekula, muzee," batu wa bwana wakajibu.

"Iko wapi?"

Wote wakatazama biatu ya Apollinaire.

"Huyu mutoto hakukatala," Lusenge akasema. "Alimeza mbele yetu. Tumbo njo imekatala. Mahari hairudi, na bibi haendi."

Bandeko, vile nilisikia utamu! Apollinaire alitoka anavuta miguu, batoto wa parcelle ya baba yangu wanamucheka, na mimi nikamutazama mpaka akapotea.

Nyuma ya jikoni, mama Tamar akaninawisha uso.

"Mama, nilikuambia nyama ngumu haipite."

"Ulinambia. Njo maana nilitafuta beberu muzee, na niliitoa nyama ku makala mbele haijaiva."

"Juu ya nini? Apollinaire ni mutoto wako."

Akakamua kitambaa polepole.

"Ile siku ya masasi, moto yake ilipita mbele yangu ku barabara ya Mabalako. Nilimupungia mukono. Aliniona, hakusimama."

Dada zangu, operesheni muulize docteur, na mumuambie kweli pahali munaishi. Mais mutu akikuacha mu hatari, usihesabu kilo zako.

Mama Tamar ni mwembamba. Angetosha kukaa ku ile moto.