Chetezo cha Ami Musallam

Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, Ami Musallam alikuwa amelala chali sebuleni kwake Nizwa, kichwa kimepasuka, na kahawa bado ya moto kwenye birika. Thuraya, binti wa ndugu yake, aliingia na halua mkononi akamkuta mdogo wake Azzan amepiga magoti kando ya maiti, mikono imejaa damu. Mlangoni mbuzi wa Azzan alikuwa analia.

Thuraya alikuwa ametoka Maskati alfajiri na mumewe, Ghalib, kwa sababu ya simu ya juzi; walipofika mjini waliachana sokoni, yeye akaenda kununua halua. Ami alimwambia, "Njoo Ijumaa, mwanangu. Nina jambo la kukwambia, na halisemwi kwenye simu." Sasa Thuraya alipiga mayowe. Ghalib alipofika alimkumbatia, na harufu nzuri ya kanzu yake ikamtuliza kidogo, mpaka polisi walipoingia.

Mkaguzi Hilal alianza na Azzan.

"Wiki iliyopita uligombana na mzee."

"Tuligombana kwa zamu ya maji ya mfereji, afande. Nani mji huu hajagombana kwa maji? Tufungeni wote basi!"

"Na leo?"

"Leo nimetoka mnadani, nimenunua mbuzi, nikapita kumwamkia ami. Nimemkuta hivi. Nikamwinua kichwa, nikidhani anapumua."

"Kuna aliyekuona mnadani?"

Kabla Azzan hajajibu, Ghalib aliingilia. Aliinamisha macho.

"Nisamehe, shemeji. Nilikuwa mnadani tangu tulipofika mjini. Sikukuona."

"Mimi ndiye sikukuona wewe!" Azzan alipiga kelele. Askari mmoja akatoa pingu.

Thuraya aliziona pingu. Ndugu yake wa pekee angepotea mbele ya macho yake, na yeye amesimama na halua kama mjinga. Akayalazimisha macho yake kutazama chumba. Vikombe viwili vya kahawa. Chetezo cha shaba kimebiringika chini ya mto, ukingo wake una damu. Majivu yametapakaa, na makaa yametoboa mkeka.

"Afande, ngoja kwanza," alisema. "Ami hafukizi udi ovyo."

"Udi hufukizwa kila nyumba, mama."

"Ndiyo, lakini kwa mgeni anayeondoka. Ukishafukizwa, maongezi yamekwisha, unainuka. Huyu mtu alikaa, akanywa kahawa, akaagwa. Azzan si mgeni hapa, anaingia na kutoka kama paka. Mnuse kanzu."

Hilal alisogea, akanusa, akakunja uso. "Mbuzi mtupu."

Thuraya alitaka kucheka, akaacha. Alikuwa amekumbuka harufu iliyomtuliza.

Alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Angeweza kunyamaza. Wangerudi Maskati jioni, angepika, wangelala. Lakini alisikia pingu zikibana mikono ya Azzan.

"Ghalib," aliita. "Nipe mkono."

Aliinua mkono wa kanzu puani. Udi na mawaridi makavu ya milima ya Jabal Akhdar. Mchanganyiko wa ami mwenyewe, anaoutwanga kwa mkono wake na hampi mtu.

"Nimejifukiza nyumbani," Ghalib alisema haraka.

"Nyumbani tumetoka mbio, hata chai hatukunywa. Na udi wetu hauna mawaridi. Mtu anatoka mnadani, Ghalib, hana hata vumbi la mbuzi?"

Hilal alichuchumaa, akashika pindo la kanzu ya Ghalib, akaligeuza kwenye mwanga. Palikuwa na tundu dogo jeusi la kaa la moto.

Ghalib aliketi chini.

"Nilikuja kumsihi. Nilikuwa bado naongea, Thuraya! Naongea, yeye ananyanyuka analeta chetezo. Akanifukiza mikono, akanifukiza ndevu, kwa adabu zote, kama mgeni wa heshima. Ananifukuza! Mkono wangu ukakikamata tu..."

"Ulikuja kumsihi nini?"

Ghalib alifunika tundu la kanzu kwa kiganja.

"Asikwambie. Nina mke mwingine mjini Izki, mwaka wa tatu sasa. Tuna mtoto. Ami aliniona naye. Niliogopa utaniacha."

"Na Azzan? Ungemwacha afe kwa ajili yako?"

Ghalib alifunika uso. Askari aliifungua mikono ya Azzan, akazihamisha pingu.

Walipomtoa nje, Thuraya alijivuta shela usoni ili alie. Shela ilinukia udi na mawaridi, pale Ghalib alipomkumbatia. Akaondoa uso wake kwenye kitambaa, machozi yakamkauka.

"Azzan," alisema, "nenda kwa jirani, kaniazimie shela nyingine."