Harufu ya Iliki Kila Jumanne

Soko la Jumamosi la San Antonio lilikuwa limefurika. Wendell Pruitt alikuwa ameegemea ukuta, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, macho yakizunguka kila mlango. Yesenia, msusi mwenye gauni jekundu na mdomo usiofungwa, akasimama mbele yake.

"Kaka, huo ukuta ukianguka utatuambia?"

"Nitakuwa wa kwanza kujua," alijibu bila hata kutabasamu.

Yesenia akacheka kwa niaba ya wote wawili, na mapenzi yakaanza hapo, hadi wakaishi nyumba moja. Wendell alikuwa mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa. Ila tangu arudi kutoka vita vya Iraki moyo wake ulikufa ganzi. Hakulia hata walipomzika mama yake. Yesenia alitaka jambo moja tu, kujua kama anapendwa.

"Unanipenda, Wendell?"

"Si niko nawe?"

"Hata sofa niko nalo, mpenzi!"

Kisha ikaja harufu. Kila Jumanne shati la Wendell lilirudi linanukia iliki na nyama ya kondoo, mapishi ambayo hayakutoka jikoni kwa Yesenia. Wivu ukampanda.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo anayekupikia!"

"Hakuna mtu," alisema, kwa sauti ileile anayoagizia kahawa.

Yesenia akafungasha, akahamia kwa dada yake. Wendell akamtazama akiondoka, hakuhisi chochote, na hilo likamtia aibu. Mwishowe akapiga simu.

"Jumanne njoo kliniki ya askari, ninakotibiwa. Njoo unuse mwenyewe."

Yesenia akaja amenuna, rangi ya mdomo imekolea kama anakwenda kugombana. Daktari Abernathy, mama mcheshi, akamwonyesha miwani mikubwa ya kompyuta inayofunika uso na kumrudisha askari, kwa picha, kwenye mtaa wa vita ili moyo ujifunze kuhisi tena. Chini kulikuwa na jukwaa linalotetemeka kama gari. Pembeni, kisanduku kilipuliza harufu: dizeli, mpira unaoungua, iliki na nyama ya kondoo ya sokoni kule Mosul, Iraki.

"Mpishi wangu huyo," Wendell alisema.

"Sasa kwa nini ulinificha?"

"Nikuambie nini? Wananirudisha pale alipofia rafiki yangu Tully, nami sihisi kitu. Hata mashine imenishindwa, Yesenia."

Akavaa miwani. Yesenia akaomba kubaki, akaruhusiwa. Daktari akamwambia Wendell asimulie kana kwamba yanatokea sasa, naye akaanza kwa sauti kavu: "Gari limesimama, Tully anashuka kununua mkate, anageuka, ananitania..."

Akaunyoosha mkono hewani, akipapasa.

"Yesenia," aliita. "Yesenia, naogopa."

Hakuwahi kumwambia neno tamu kuliko hilo. Yesenia akamshika mkono, machozi yanamharibia wanja.

"Ogopa, mpenzi wangu. Ogopa tu."

Wendell akaendelea kusimulia huku akilia, mpaka akafika pale Tully anapokufa.