Volti za Banda la Uani

Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mita ya Mumo ilionyesha volti 312 kwenye soketi ya banda la uani kwa Bi Khatija, Mji wa Kale. Nyumba kubwa, hatua kumi kutoka hapo, ilikuwa na 240.

Mumo alipima tena. 312. Siku ya tatu hiyo. Alikuwa amebadilisha waya, soketi na swichi, na bado mashine ya kutotolesha vifaranga ilizidi joto. Mayai mia na ishirini yalibakisha siku mbili kuanguliwa.

"Yakiiva hayo, fundi, utayala yote wewe," alisema Bi Khatija. "Na chumvi nitakuletea."

Mumo hakucheka. Alizima swichi kubwa. Feni za nyumbani zikasimama. Taa ya banda haikuzimika.

Akakata waya utokao nyumbani, akabaki nao mkononi, na taa ikazidi kuwaka. Ulibaki waya mmoja tu, wa athi, ule ushukao kwenye chuma alichokipigilia ardhini Jumatatu ili umeme ukizidi uzame chini. Akainama kuupima, akasikia harufu ya ubani, na huko chini ya sakafu, mbali, kitu kikagonga mara tatu, kikangoja, kikagonga tena, kama mtu aliyechoka kupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Hapo palikuwa na kisima," Bi Khatija alinong'ona. "Babu alikifukia. Ulipopigilia hicho chuma, uliomba ruhusa?"

"Kwa nani, mama? Mimi mtu wa kanisa."

"Kwa wenyewe."

Mumo aliking'oa. Kikatoka kimelowa, cha moto. Taa ikazimika. Bi Khatija akapiga magoti penye tundu.

"Tuwieni radhi. Chukueni haki yenu, mtuachie mahali petu."

"Haki gani?" Mumo aliuliza kwa sauti ya chini. "Hukuitaja."

Bi Khatija akainuka, akalifukia tundu kwa mguu.

Chuma kikapigiliwa upande wa pili wa ua, safari hii Bi Khatija akitangulia na bismillahi. Mumo akaunga waya, akawasha, akapima. 240. Banda likafungwa kwa kufuli mbili, na funguo Bi Khatija akazifunga kwenye pindo la leso.

Jumamosi, saa moja asubuhi, walifungua pamoja. Kufuli hazikuwa zimeguswa. Mashine ilikuwa na joto lake sawasawa. Ndani mlikuwa na maganda mia na ishirini, yamepasuka, makavu. Hata kifaranga mmoja hakuwamo.

Mumo alipima soketi. 240.