Mke wa Mkuu wa Stesheni

Ijumaa baada ya swala, duka la simu la mtaa wa Al Mansoura, huku ughaibuni, lilijaa watu hadi mlangoni. Hidaya, yaya kutoka Kasulu, alikuwa anangoja kuingiziwa filamu kwenye memori kadi, baibui lake la bluu limepigwa pasi likakaa. Nyuma yake alisimama Harun, mhudumu wa hoteli, Mkenya wa Nakuru, shati jeupe na marashi ya kukohoza.

"Dada, hizo movie unawekewa ni za lini? Za babu yako?"

"Za babu ndiyo tamu. Zako za magari kulipuka, ukizima simu unabaki na nini?"

Harun akacheka. "Haya, nipe moja nione."

"Ipo ya Kihindi, nyeusi na nyeupe, ya mke wa mkuu wa stesheni. Wengi hawaijui. Mumewe anampiga, mwishoni mke anabeba sanduku, anapanda treni, hata nyuma hageuki. Na ya Kimisri, ya kinyozi kipofu."

Wakapeana namba. Wiki tano simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, Mkenya wangu. Umeiona ya kinyozi?"

"Nimelia kama mtoto. Usiambie mtu."

Ile ya treni ilichelewa kupatikana. Siku Harun alipoiona alipiga simu anacheka, na wenzake wa chumbani wanasikika wakicheka pia.

"Hidaya, wewe muongo! Huyo mke hapandi treni yoyote. Anarudi, anapiga magoti, anashika miguu ya bwana. Kwani hukusoma maandishi ya chini? Ama shule ulipitia dirishani?"

Hidaya aliishia darasa la saba. Filamu zote alizijulia banda la video la Kasulu, mzee mtafsiri kashika kipaza sauti. Kwenye hiyo ya mke wa mkuu wa stesheni, treni ilipofika tu, mzee yule alizima mkanda akamalizia kwa mdomo. Kumbe mwisho aliutunga mwenyewe!

"Mimi nilimwacha mume aliyenipiga kwa ajili ya mwisho huo," akasema. "Cheka sasa." Akakata.

Siku kumi hakupokea. Harun akatuma sauti za kumbembeleza, wapi. Mwishowe akaandika: "Ijumaa jioni, bustanini. Nawaleta wale waliocheka. Tutazima sauti, utafsiri wewe."

Hidaya alikwenda, si kwa kusamehe. Wanaume wanne walikaa kwenye majani wameizunguka tableti. Akatafsiri machozi, akatafsiri makofi, na treni ilipoingia stesheni akaizima tableti kwa kidole chake.

"Akapanda! Nani kasema arudi? Aliyeitunga alimwogopa bwana. Mimi simwogopi!"

"Hapo sawa, madam!" Bradley, mmoja wa wale waliocheka, akapiga makofi.

Harun akasimama mbele yao wote. "Nilikucheka, nikakosea. Nisamehe. Na nataka nikuoe."

"Mama yako anajua niliwahi kuolewa?"

"Bado."

"Mpigie. Namwambia mwenyewe."

Simu ikaita Nakuru.

"Shikamoo mama. Naitwa Hidaya. Mwanao anataka kunioa. Niliwahi kuolewa, nikapigwa, nikaondoka."

Mama akauliza, "Na huyu wangu akikupiga?"

"Nitaondoka tena, mama."

Mama akacheka hadi akakohoa. "Mpe simu huyo mjinga. Nimwambie atafute njia ya kufika Kasulu. Posa naipeleka mimi mwenyewe."